Msiba wa Ezekieli Katika Kanisa la Mfalme

Nilisafiri kwa sababu nilishindwa kusema hapana. Ninyi binamu zangu wa Muheza mnanijua: mtu akiniomba kitu huku ananitazama, mdomo wangu unakubali kabla mimi sijaamua. Safari yenyewe ilikuwa ya siku moja tu, ndani ya jiji hili hili la London ninamoishi, lakini nimerudi nimechoka kama siku ile ndege ilipotuleta huku mimi na Mama.

Aliyeniomba ni Babu Cuthbert. Si babu yetu wa damu. Ni mzee kutoka Trinidad anayekaa Thornton Heath, na Mama humhudumia nyumbani kwake: anamwogesha, anampa dawa, anampikia. Macho yake yanakwisha. Mwisho wa mwezi binti yake anamhamishia kwake, mbali huko kaskazini, na kabla ya kuondoka alitaka apelekwe mahali pamoja.

"Kanisa kuu," aliniambia. "Lile lenye kuba. Ukanisomee jiwe."

Jiwe lenyewe ni la vita ambavyo hata mimi ninayesoma historia sikuwa nimevisikia. Waingereza walipigana na Wamarekani mara ya pili, Marekani ikiwa bado taifa changa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Nilimuuliza mwalimu wangu, akasema, "Aa, vile," akarudi kwenye vita vya Wafaransa. Huku wamevisahau. Kwa kina Babu Cuthbert havijasahaulika hata siku moja, maana watu weusi waliokuwa watumwa Marekani waliwakimbilia Waingereza, wakaahidiwa uhuru, wakavishwa makoti mekundu, wakapigana. Wawili kati yao walikuwa ndugu, Samsoni na Ezekieli. Samsoni alinusurika, akapewa ardhi msituni Trinidad, na ndiye chimbuko la ukoo wa Babu. Ezekieli aliuawa. Ukoo mzima unaamini jina lake limechongwa London, katika kanisa la mfalme, kwa sababu afisa wao aliahidi hivyo.

"Na wewe umekaa London tangu kijana, Babu," nilimwambia. "Hujaenda kuliona?"

"Sijaenda."

Akaniuliza treni ya asubuhi ni saa ngapi.

Kwetu Lewisham, asubuhi ya safari, Mama alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazini. "Usimwachie mkono," akaniagiza. "Na chakula kimo kwenye hotipoti, asile vya barabarani, tumbo lake si zuri." Nikamuuliza kama ni sawa mimi na ushungi wangu kuingia kanisani. "Unaingia kama mgeni, unakaa kwa adabu. Kwani nani kakwambia ukabatizwe?" Akacheka kidogo kisha akaacha, kama aliyekumbuka kitu. Tangu Babu yetu afariki huko Muheza, naye asiweze kuja kumzika, Mama anacheka hivyo.

Thornton Heath nilimkuta Babu Cuthbert ameshavaa suti, tai na kofia, amekaa mlangoni na fimbo yake nyeupe magotini.

"Umechelewa."

"Sijachelewa, Babu."

"Basi mimi nimewahi. Twende."

Tulipita barabara ya maduka polepole sana. Alikuwa ananusa na kutaja: viazi vikuu, samaki wakavu, kinyozi, mkate. Mwanamke mmoja muuza ndizi akamwita, "Mzee, leo unaoa?" Akamjibu kwamba bibi arusi ndiye huyu mshika mkono wake ila hana maneno, na mke asiye na maneno ni bahati. Nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Ndani ya treni alikaa dirishani ingawa haoni nje. Kadiri tulivyokaribia mjini ndivyo mzaha ulivyompungua. Pale daraja la London tulishuka tukapanda basi, na hapo kidogo akachangamka tena, kwa sababu kazi yake ya maisha ilikuwa kuendesha mabasi hayo mekundu. "Huyu dereva kafundishwa na nani?" akauliza kwa sauti. "Breki anaikanyaga kama anaua mende." Watu wakageuka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Halafu akaniinamia. "Sasa hivi atakata kushoto, kisha kuba litatokea mbele. Si ndiyo?"

Likatokea. Nikamwambia ndiyo.

"Nimepita hapa na basi miaka na miaka. Abiria wanapiga picha, mimi shingo sigeuzi." Akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Baba yangu aliniambia jina lipo. Nisipoingia, lipo. Umeelewa?"

Nikaelewa. Nilikuwa nimedhani tunakwenda kutazama kitu, kumbe tunakwenda kujua kama kipo.

Kanisani kulikuwa na baridi na mwangwi. Nilimuuliza mhudumu mmoja, mwanamke mwenye joho, kwa sauti ndogo mpaka akaniomba nirudie. Akatuonyesha ukumbusho wa jenerali aliyeuawa katika vita vile, mahali pale pale ambapo kina Babu wanasema Ezekieli aliangukia. Ni mawe meupe, makubwa kuliko mtu. Babu akanishika kifundo cha mkono.

"Kuna nini?"

"Kuna kaburi la jiwe. Kuna mwanamke wa jiwe, ameinama juu yake, analia."

"Anamlilia nani?"

"Jenerali."

"Kwa hiyo kulia wanajua," akasema. "Soma."

Nikasoma. Jina la jenerali, cheo chake, sifa zake, alikofia. Nilipomaliza akasema, "Rudia," nikarudia. Ningeweza kuongeza jina moja. Asingejua, na pale hapakuwa na mtu wa kunisuta. Nililiona kabisa mdomoni mwangu, Ezekieli, neno moja tu. Lakini alikuwa ameelekeza sikio kwangu kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali, na nikaona kwamba nikimdanganya atakwenda kaskazini akiwa amebeba uongo wangu, na yeye ndiye mtu wa mwisho wa kwao anayejali.

"Na chini?"

"Chini hakuna kitu, Babu."

"Ubavuni?"

Nikaenda ubavu huu na ubavu ule. "Hakuna."

"Watu wetu hawakutajwa hata kwa pamoja? Weusi, au askari?"

"Hapana, Babu."

Akatafuta jiwe kwa fimbo, kisha kwa mkono, akalikuta. Akaliacha. "Basi baba yangu aliniongopea," akasema, taratibu, kama anayejisemea. Mabega yakamshuka ndani ya ile suti. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu hivyo.

Hapa mnisamehe nirudi nyuma kidogo. Babu yetu alipofariki, nyinyi mlikuwa huko mkizika, sisi tulikuwa na matanga yetu ghorofani Lewisham. Mama alitandika mikeka sebuleni, akina mama wakaja na sufuria zao, na kila aliyeingia kuhani msiba alikaa chini, akasema pole, kisha akauliza, "Ilikuwaje?" Na Mama akaanza upya: alianza na homa, wakampeleka hospitali, akaomba maji. Mama hakuwepo. Aliyajua hayo kwa simu tu. Nilikuwa nachukia yale maswali, nikaona wanamtesa. Lakini kufika jioni ya mwisho alikuwa anasimulia kama aliyekuwa ameshika kile kikombe cha maji, na usiku ule ndipo alipolala.

Kwa hiyo pale kanisani nikakaa chini, sakafuni. Nikamvuta Babu Cuthbert mkono.

"Babu, pole kwa msiba. Ilikuwaje?"

"Msiba gani, binti? Watu wa miaka mia mbili."

"Sikuwepo mazishini," nikamwambia. "Ndiyo kwanza nafika."

Akageuza uso, nikafikiri nimemkosea. Wakati huo yule mhudumu mwenye joho akaja haraka, akisema hapa ni njia ya watu, haturuhusiwi kukaa. Mnajua mimi kwa wageni nilivyo. Lakini maneno yakatoka: "Tuna msiba." Akatutazama, mimi na ushungi wangu, mzee na tai yake, halafu akatazama lile jiwe. "Poleni," akasema, akaenda kutuletea viti viwili.

Babu alipokaa akavua kofia. "Walikuwa ndugu wawili," akaanza.

Akasimulia shamba la tumbaku na mtumbwi walioiba. Walivyopanda meli ya Waingereza wakapewa makoti mekundu, Ezekieli la kwake likimpwaya, akicheka kwamba mfalme anadhani atanenepa. Walivyoingia mji mkuu wa Wamarekani ukateketezwa mpaka nyumba ya rais wao. Kisha safari ya kuelekea mji mmoja wa bandari, msitu, risasi kutoka mitini. Samsoni alimburuta kaka yake hadi kivulini, akaomba maji kwa kila aliyepita. Ezekieli alipokata roho wakamzika hapo hapo, ila kwanza wakamvua koti. Lilikuwa bado zima, na kulikuwa na mtu mwingine asiye na koti.

"Samsoni akalala juu ya lile kaburi," Babu akasema. "Wenzake wanaondoka, yeye hainuki. Ndipo afisa akaja akamwambia, nyanyuka, jina la nduguyo mfalme ataliandika katika kanisa lake kubwa."

Nyayo za watalii zilikuwa zinapita nyuma yetu.

"Alisema ili ainuke tu," akasema. "Siyo? Unamwambia mfiwa chochote ili ainuke. Naye akainuka, akamwambia mwanawe, mwanawe akamwambia mwanawe. Hakuna aliyeongopa." Akajifuta uso kwa kofia. "Hakuna aliyeongopa, na bado hayupo."

Nilimkumbuka Mama, akina mama wale wa matanga walivyokuwa wakimwambia, "Utakwenda tu mwakani, utaliona kaburi." Aliinuka. Hajaja mpaka leo.

Tulikula chakula cha hotipoti nje, kwenye ngazi, upepo ukitupiga. Alikula kidogo sana.

Kurudi, basi na treni, hakumsema dereva yeyote. Nilidhani amelala, mpaka karibu na Thornton Heath akauliza, "Huko kwenu mtu anauliza mara ngapi?"

"Kila anayekuja anauliza, Babu. Hata kama wamefika watu wengi."

"Na wasipokuja tena?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Mlangoni kwake akanishika kichwa juu ya ushungi kama wanavyofanya wazee wetu. Kule kaskazini, alisema, binti yake hapati wageni, ila ana televisheni kubwa sana.

Nimejifunza nini? Nilidhani jina likichongwa kwenye jiwe basi limehifadhiwa. Lakini hata yule jenerali, nilisoma jina lake mara mbili siku ile na sasa limenitoka, sina budi kufikiri kwanza. La Ezekieli ninalo kwa sababu niliuliza. Na kuuliza kwangu hakukumponya mzee. Niliagana naye akiwa na huzuni kuliko nilivyomkuta, na sitawaandikia vinginevyo.

Lewisham jioni Mama alikuwa jikoni bado na nguo za kazini, anakaanga vitunguu. Hakugeuka.

"Ilikuwaje?" akauliza, kama anavyouliza mtu yeyote.

"Walikuwa ndugu wawili," nikasema.

Mama akazima jiko. Akaenda sebuleni, nikasikia anatandika mkeka.