Dumu la Idi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Nawaona Jumapili pale Katonga mnashusha vile vimtumbwi vyenu vya plastiki, vyepesi kama ganda la karanga, mnakwenda kundi zima kuvua kwa ndoano na kupigana picha. Sina ugomvi na hilo. Ziwa ni lenu. Ugomvi wangu ni zile fulana za kuelea za rangi ya chungwa. Mmezikalia. Mmezitandika chini kama mito ya sebuleni, halafu mnaniamkia, "Shikamoo bibi," mnapita.

Marahaba. Sasa nisikilizeni. Ninayoandika hapa sikuhadithiwa. Shule yangu iliishia darasa la pili, ufundi wa kutunga ningeutoa wapi? Yalinipata mwenyewe, mchanga wa Katonga chini ya miguu yangu, sijalala wala sina homa. Wapo waliokuwepo na bado wanapumua. Kawaulizeni.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi wa mwanzo, wazazi wenu wakiwa bado watoto. Watu walikuwa wakitoka ng'ambo usiku na mchana, wengine kwa miguu kupitia milimani, wengine kwa maboti yaliyojazwa mpaka maji yanachungulia ndani. Unakwenda asubuhi kuanika dagaa, unakuta familia nzima imelala mchangani na sufuria moja. Ukipanda soko la Mwanga unasikia Kiha, Kirundi, Kibembe, na vyote vinauliza jambo moja: hujamwona fulani?

Mimi nilikuwa mjane mwanika dagaa, na mwanangu mmoja, Idi. Idi alivua migebuka kwa mshipi, kwenye mtumbwi mdogo wa mtu mmoja. Wenye mitumbwi hiyo walikuwa na kundi lao, mkubwa wao Mzee Rajabu, na sheria zao hazikuwa na mjadala. Mnatoka pamoja, mnarudi pamoja, kila mtu jicho lake kwa mwenzake. Na kila mtu kiunoni dumu tupu, lile dogo la mafuta ya kula, kifuniko kimezibwa kwa mpira wa baiskeli. Linafungwa kwenye mtu, si kwenye mtumbwi. Mtumbwi ukipinduka unaondoka na upepo, na dumu lililofungwa mtumbwini linaondoka nao, wewe unabaki. Sijui kwa nini jambo hili ni gumu kuingia vichwani mwa watu.

Kulifunga ilikuwa kazi ya mwanamke wa nyumba, mke au mama. Ndiyo desturi tuliyoikuta. Fundo linakaa mgongoni, mwanaume asije akalifungua kwa kuona linamsumbua wakati wa kuvuta samaki. Langu mimi nalizungusha mara mbili, kisha mkia wa kamba naurudisha ndani, kama ninavyofunga mzigo wa kuni. Wala sikuishia kwa Idi. Niliwakagua wote. Hakuna aliyeshusha mtumbwi bila kunigeuzia mgongo kwanza. Ndiyo sababu Idi akaniita Bwana Forodha, kama wale wa bandarini Kigoma wanaopekua mizigo ya meli. Wengine walicheka chinichini. Kunitamkia jina lile usoni alithubutu yeye peke yake.

Asubuhi ile alikuja na maneno yake kama kawaida.

"Bwana Forodha, leo nina magendo."

"Geuka."

"Nimeficha samaki wawili, kuhe wazima, kwenye kaptula."

"Nimesema geuka, Idi."

"Mama, unanikaza kama mbuzi anayepelekwa mnadani."

"Mbuzi ana akili, akifungwa anatulia."

Mzee Rajabu akadakia kutoka mtumbwini mwake, "Dada, mfunge na mdomo huyo, samaki wanamsikia."

Idi akacheka. "Siku moja nifundishe hilo fundo, nijifunge mwenyewe."

"Nakufundisha tangu una meno ya utoto," nikamwambia. "Hujawahi kusikiliza."

Akasukuma mtumbwi, akaenda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho mwanangu aliyoyasikia kinywani mwangu. Hujawahi kusikiliza.

Mchana upepo wa kusini ukaamka. Ninyi mnaujua, unakuja bila kubisha hodi. Ziwa likageuka rangi ya risasi. Tulikusanya dagaa wetu mbiombio, tukasimama ufukweni, wanawake wote tumeshika viuno, tunatazama maji.

Alasiri mitumbwi ikaanza kuonekana, inakuja polepole, imelala chini sana majini. Kila mmoja ulikuwa na mtu wa ng'ambo amejikunja ndani yake, au amening'inia nyuma kwa mikono. Wanawake wakakimbilia majini kuwavuta. Mimi nilikuwa natafuta mgongo mmoja tu.

"Idi yuko wapi?" nikamuuliza Mzee Rajabu.

Akavua kofia, akaikamua maji. "Dada, tumekuta boti imepinduka. Watu wamejaa majini. Tukaokota tuliowaweza. Idi akasikia mtoto analia upande wa pili, akasema anakuja. Tulimwona anainama. Kisha mawimbi yakatutenga."

"Mkamwacha."

"Mitumbwi ilikuwa inazama na watu."

"Mzee Rajabu, nimekuuliza. Mkamwacha?"

Akaelekeza kidole ziwani. Akasema, "Boti ya injini imekwenda kumtafuta."

"Dumu lake lilikuwa kiunoni?"

"Lilikuwepo. Nililiona kwa macho yangu."

"Basi atarudi," nikasema.

Nanyi msidhani nilijipa moyo wa bure. Fundo nililifunga mwenyewe. Mtu mwenye dumu anaweza kuelea mpaka maboti ya dagaa yamwokote. Wenzangu waliwapeleka wale watu kwenye vibanda vya kukaushia samaki wakaote moto. Mimi nilitembea mbali kidogo na mwalo wa kupakulia samaki, pale ufukwe ulipo mtupu, hakuna kichaka wala jiwe, nikakaa nimeelekea maji. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Weupe ulikuwa bado umebaki juu ya ziwa, na mtu ningemwona kutoka mbali.

Nikamwona. Alitoka majini akitembea, maji ya kiuno, maji ya magoti, na kifuani amekumbatia kitu. Nikasimama. Hakuwa Idi. Alikuwa mwanamke kijana, nywele amesukwa upande mmoja tu, upande wa pili umeachwa timtim. Niliwaza, huyu vita vilimkuta kwa msusi.

"Mwiriwe, mama," akanisalimu kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtu aliyepita kwa jirani kuomba chumvi.

"Mwiriwe. Umeogelea kutoka wapi, mwanangu?"

"Wewe ndiye Bwana Forodha?"

Nikamsogelea. "Nani kakutajia jina hilo?"

"Mwenye dumu. Amesema ulikague fundo." Akaniinulia mzigo wake. "Na amesema usimgombeze."

Hapo ndipo nikaona alichobeba. Kilikuwa dumu la Idi, na juu yake mtoto mchanga amelazwa chali, kamba imempita kwapani. Mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima. Mama yake hakutetemeka hata kidogo, na upepo ule. Maji yalikuwa yanamtoka nywelini na mikononi. Nilingoja yakauke kama yanavyokauka kwa mtu aliyetoka kuoga. Hayakukauka. Yalitiririka tu, kama bomba lililoachwa wazi.

"Mwanangu yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nipokee kwanza. Mikono imechoka."

Nikampokea. Mtoto wa baridi kama samaki, lakini alikuwa hai, akafungua mdomo kulia, sauti haina.

"Nimekuuliza, mwanangu yuko wapi?"

Yule mwanamke akanitazama. Sijaona tena macho yenye huruma vile, wala sitaki kuyaona. "Alikuwa nalo moja tu, mama," akasema. "Akatupatia sisi."

Nilivua kitenge changu cha juu nimpe ajistiri. Nilichuchumaa nimweke mtoto mapajani nipate mkono wa kumpa. Kitenge kikachukuliwa mkononi mwangu, nilisikia kinavutwa. Nilipoinua uso hapakuwa na mtu. Ufukwe mtupu, maji matupu. Niliita. Mngefanya nini ninyi? Niliita mpaka Mzee Rajabu akaja mbio na taa.

Tukamwingiza mtoto kibandani kwenye moto. Mama mmoja kati ya walioopolewa akamwona, akashika kichwa. Alimjua. "Huyu ni Esperansi," akasema. "Nani kamleta?"

"Mama yake. Yule aliyesukwa upande mmoja."

Yule mama akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Mama yake alizama mchana, boti ilipopinduka. Alimnyanyua mtoto juu ya maji, kisha hatukuiona tena ile mikono. Sisi tulikuwepo."

Sikubishana naye. Nilimgeuza mtoto kwenye mwanga wa moto, nikakagua fundo kama nilivyoagizwa. Lilikuwa mgongoni mwa dumu. Limezungushwa mara mbili. Mkia wa kamba umerudishwa ndani. Lakini lilikuwa limekazwa kuelekea kushoto. Si kazi yangu, kwa sababu mimi hukaza kwa mkono wa kuume, na Idi alikuwa wa mkono wa kushoto. Alilifungua langu, mgongoni, ndani ya maji, katika upepo ule, na akalifunga lake. Alikuwa anasikiliza. Miaka yote ile mtoto yule alikuwa ananisikiliza.

Alfajiri maboti ya dagaa yaliurudisha mtumbwi wake, mtupu. Na yakaleta maiti ya mwanamke, amekufa tangu jana mchana, wavuvi walisema. Nilikwenda kumwangalia, wakinikataza. Nywele zilikuwa zimesukwa upande mmoja. Tukamzika kwa heshima. Kitenge changu sikukiona tena.

Idi hakupatikana. Alisaliwa pale mtaani kama anavyosaliwa aliye mbali, na mimi sina kaburi la kufagia. Mwaka mzima nilifunga mafundo ya wenzake kila asubuhi, na sikumgombeza. Nilitaka sana. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakumbeba mtoto kifuani na dumu akabaki nalo. Lakini nimewahi kushika maji yale, najua. Dumu dogo lile halibebi watu wawili.

Ndugu wa mtoto walitafutwa kambini, hakujitokeza mtu. Nikamlea. Jina lake nimemwachia, maana ndilo mama yake alilompa. Tangu msiba, nyumbani kwangu hakuna aliyethubutu kutamka Bwana Forodha, mimi nilikataza na watu waliniogopa. Basi mtoto alipoanza kusema, hakuniita bibi wala mama. Alikaa mkekani, akanitazama usoni, akasema, "Fodha." Nani alimfundisha? Nilitoka nje nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Leo Esperansi ni mama wa watu wazima, na ndiye anayefunga madumu. Mkono wangu hauna nguvu tena, lakini macho ninayo. Nanyi nawaonya. Ukikuta mtu ametoka ziwani wakati wa magharibi na mzigo kifuani, usimhoji, mpokee mzigo. Na hizo fulana vaeni, kazeni mikanda. Ziwa halimngoji mtu avae.

Watu wa nyumba yangu hawana haja ya kuonywa, wao wana amri. Niliitoa siku Esperansi aliposhusha mtumbwi wa mwanawe wa kwanza, na inafuatwa mpaka leo: hakuna mtumbwi unaotoka kwangu na dumu moja. La kwanza lifungwe kiunoni, na fundo lake lisifunguliwe kwa ajili ya mtu yeyote, hata akilia. La pili liwekwe miguuni, kamba yake tayari, na hilo ni la yule utakayemkuta.