Mkono wa Kulia wa Bibi Dripu

Wodini walimwita Sindano Moja, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Mshipa uwe umejificha, mgonjwa awe amekauka kwa kuhara, yeye hupapasa kidogo, huchoma mara moja, basi, dripu inateremka. Miaka kumi na tisa ya unesi si mchezo. Na katika miaka hiyo alimfundisha kazi mwenzake mmoja mwenye mikono myepesi na mdomo mtamu, ambaye baadaye aliacha wodi akafungua chumba cha dripu za vitamini nyuma ya saluni. Huyo ndiye Bibi Dripu.

Sindano Moja hakuwa na ugomvi na dripu, msimsingizie. Mtu anayetapika hata maji, au ambaye utumbo wake haufyonzi chakula, au aliyepimwa damu akaonekana kapungukiwa, mtundikie vitamini utamwona anavyoinuka. Lakini mtu anayekula akashiba, anatundikiwa ya nini? Eti ang'ae! Mdogo wake Sindano Moja, msusi, ndiye aliyeponzwa na kung'aa huko. Kila Jumamosi alijilaza kwenye kochi la Bibi Dripu, vitamini C ya kumtosha farasi ikimwingia mwilini, akitoka anasema anajisikia mwepesi. Figo zake, ambazo ndizo hutoa vitamini hiyo ikizidi, zilikuwa dhaifu tangu utotoni. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyempima. Sasa mara tatu kwa wiki damu yake inasafishwa kwa mashine, na Bibi Dripu alipobanwa alikana katakata: yeye alimpa maji tu.

Maji tu! Maneno hayo Sindano Moja alilala nayo na kuamka nayo miezi minane. Alitaka kulipa kisasi, na hakumficha mtu.

Basi asubuhi moja akaletwa Bibi Dripu mwenyewe, anatetemeka kwa homa, mguu umevimba hadi gotini. Alikuwa akijitundikia vitamini kila wiki. Mishipa ya mikono ilipochoka akahamia mguuni, na vijidudu vikapita na sindano. Alihitaji dawa ya mshipani upesi. Manesi wawili walimchoma wakashindwa. Daktari akasema, "Niitieni Sindano Moja."

Alipomwona anakuja, Bibi Dripu aligeukia ukutani. "Dada, naomba usinifanyie kisasi."

"Sijakufanyia kitu bado. Figo zako zikoje?"

"Nzima."

"Moyo? Presha? Kuna dawa inayokudhuru?"

"Hakuna, dada. Wewe choma tu!"

"Kuchoma tu ni kwako. Hapa tunauliza kwanza, na nilikufundisha."

Hasira zilimpanda Sindano Moja. Angeweza kumtoboa mara sita, na nani angeshangaa, mishipa ile imekwisha! Alishika mkono wa kulia. Penye kifundo, chini ya bangili ambako manesi hawakutazama, palibaki mshipa mmoja mzima, hata mwanafunzi angeupata. Akauachia. Akachukua wa kushoto, uliojaa makovu, akapapasa kwa muda mrefu, daktari akianza kukunja uso. Akachoma. Mara moja. Damu ikajitokeza, dawa ikaanza kuteremka matone kwa matone, salama kabisa.

"Mbona umehangaika na huo, na huu upo?" Bibi Dripu aliuliza, machozi ya nafuu yakimlengalenga.

Sindano Moja alisubiri daktari aende kitanda cha pili. Ndipo akatoa mfukoni karatasi na kalamu, akaviweka kwenye ule mkono wa kulia.

"Huo una kazi. Andika ulichomtundikia mdogo wangu, gramu ngapi, wiki ngapi, na kwamba hukumpima. Daktari wake anahitaji kujua, na baraza la manesi pia."

"Nikiandika watanifungia!"

"Ndiyo."

"Na nisipoandika? Utanitolea dripu?"

"Nikutolee? Nitakuuguza mpaka upone, wala sindano sitakosea. Na kila nikija kukubadilishia dawa nitakuuliza, mbele ya wodi nzima, kama hayo nayo ni maji tu."

Alijisikia vizuri, vizuri mno, wala hakuona haya. Akavuta kiti, akaketi. Bibi Dripu aliitazama chupa, akamtazama yeye, akaanza kuandika.