Hodi kwa Wapangaji

Fundi wa kompyuta wa pale Arua hutunza kumbukumbu za vikundi vya wakulima mahali pamoja, kila kikundi na jedwali lake, kama wapangaji wa nyumba moja. Kabla ya kufungua jedwali la watu hunong'ona, "Hodi," vidole vikisubiri juu ya kibodi. Wenzake humcheka, hajali.

Juzi nafasi kwenye kompyuta ilijaa pomoni. Jedwali la kikundi cha Midia lilikuwa kimya mwaka mzima, na kanuni inataka la namna hiyo lifutwe. Akampigia simu katibu wao, Mama Ocokoru.

"Usifute, mtoto yangu. Daftari yetu iliungua. Majina ya mbegu ya mama zetu iko huko tu."

Fundi akashusha pumzi. Akafungua jedwali lake mwenyewe, kazi zake za miaka sita, akalifuta lote. Hapo hakupiga hodi.