Majina Yenye Nilipatia Telefone

Masomo yangu iliishia mwaka wa pili, lakini jina ikiingia mu kichwa yangu haitoki tena. Mutu akikufa hapa kilimani, watu wanakuja kuniuliza jina ya babu yake, ili waitaje kwenye kaburi. Njo maana binti yangu aliponiomba majina, sikuona mubaya.

Alikuwa amerudi toka Goma na telefone kumi na mbili za zamani, vioo vimepasuka. Akazipanga juu ya uchanja yenye tulikuwa tunakaushia maharagi, akafunga plake ya jua ya kuzichaji juu ya mabati. Kazi ilikuwa hii: waimbaji na wakubwa wa muji wanalipa ili waonekane wanapendwa na watu wengi. Kila telefone inaangalia picha zao, inapenda, inasifu. Lakini kila moja lazima iwe mutu na jina yake. Binti yangu alifikisha majina saba, akakwama.

"Mama, nipe majina. Ya watu wenye hawatalalamika."

Akafuta yake saba, nikamupa ya wafu wetu, wale wenye waliuawa hapa vita kwa vita.

Telefone zikaongezeka, zikafika makumi ine, plake tatu, betri mbili za gari. Nilijifunza kuzitunza. Joto ikizidi, nazigeuza kama maharagi, nazipepea. Ingine ikivimba tumbo, naitoa mbio, naifukia mu muchanga mbali na nyumba. Asubuhi nafuta vioo moja moja, nasalimia kila mutu kwa jina yake. Kaka yangu marehemu alikuwa katekista, hakukubali hata ngoma ya arusi. Sasa kutwa nzima anapenda wasichana wenye kukata kiuno.

"Angalia mujomba wako," nilisema.

"Muache, Mama. Kule kaburini alikuwa anakosa rezo ya telefone."

Walikuja saa sita ya muchana, baada ya mapigano ya barabara ya Mushaki. Wanaume tisa na bunduki. Walikuwa wamepigwa kule chini, hasira imewajaa. Mumoja akaona telefone zote zinawaka, akapiga kelele: "Njo hawa wanatuuzisha! Njo hapa mabomu inaongozwa!"

Binti yangu akafungua kinywa aeleze. Kitako ya bunduki ikamuingia mu meno. Nilisikia meno. Wakamuangusha, wakafunga viwiko vyake nyuma na kamba za kuchajia, wakakaza mupaka bega ikalia kama ukuni unavunjika. Nilishika muguu ya mumoja, akanipiga teke ya mbavu.

Mukubwa wao akakamata telefone moja, akasoma jina. "Huyu iko wapi?"

Binti yangu alitema damu.

"Watu makumi ine wanatumika kazi nanyi, na hamuwajui? Leteni mupanga. Tuanze na vidole."

Wakamufungua, wakalaza mukono wake juu ya gogo ya kupasulia kuni.

"Mukubwa," nikasema, "uliza mimi. Hao wote ni wafu."

Wakacheka. "Wafu wanapenda muziki?"

"Soma, nikuambie."

Akasoma. Huyo, nikasema, alikatwa pale mutoni, na mimba ya miezi saba. Akakamata ingine, ya pembeni kabisa. Huyo walimuchoma ndani ya nyumba yake, tulimutambua kwa mukaba. Ingine. Huyo risasi ya shingo, alikuwa anapalilia mihogo. Mupanga ilikuwa ingali juu. Kila jina niliitolea baba, kilima na kifo. Tulikuwa tumefika ya kumi na ine, ao ya kumi na tano, askari mumoja wa ndevu nyeupe akasema pole pole: "Mukubwa, ule wa mukaba iko kweli. Nilikuwa pale."

Kicheko ikakatika. Mupanga ikashuka, bila kukata.

Wakabeba telefone zote, wakazipanga kwenye ukingo wa shamba, wakazipiga masasi mupaka zikalipuka na moshi ikatuchoma macho. Halafu mukubwa akarudi. Akachutama mbele yangu, akaweka mudomo ya bunduki kwenye shingo ya binti yangu.

"Mama muzee, wewe unajua majina yote. Yangu unaijua?"

Nilimutambua tangu aliposoma jina ya kwanza. Ile sauti ilikuwa ya baba yake, mwenye alikuwa ananunua ngombe ku soko. Siku ya ubatizo wake nilikuwa kanisani, na baada ya misa nilikula maharagi yao.

"Hapana, papa. Kichwa yangu inashika wafu tu."

Aliniangalia sana. Akainua bunduki, wakaenda.

Binti yangu anaishi. Vidole kumi anavyo. Bega haikurudi pahali pake, na chakula namupondea, kwa sababu ya meno. Watu wanapita na makaratasi, wananiuliza nani alitufanyia hii. Nawajibu vile nilimujibu yeye.

Lakini ule mukubwa akinitangulia kufa, watakuja kuniuliza babu yake alikuwa nani. Pale nitataja jina ya babu yake, na yake pia.