Upande wa Agnesi

Jirani yangu ana mabinti wawili, na asubuhi wakitwanga mtama mimi huacha ninachofanya nikasikiliza. Michi miwili katika kinu kimoja, mmoja unapanda, mwingine unashuka, wala haigongani. Mmoja wao akisimama kujifuta jasho, sauti inabaki na pengo. Hapo mimi huingia ndani nikajifanya natafuta kitu.

Mimi na dada yangu Agnesi tulitwanga hivyo Masasi, chini ya yale majabali, enzi za Wajerumani, tulipokuwa tunajifunza ubatizo misheni, majina ya Kikristo tukiwa tumekwisha kupewa. Kitabu cha zaburi kilikuwa kimoja tu, na kilikaa kwapani mwa Mwalimu kama kuku anayepelekwa kwa wakwe. Sisi wengine tulikuwa na vichwa. Mwalimu alisoma mstari, tukaurudia mpaka ukakaa. Kanisani zaburi zilisemwa kwa kupokezana: upande wa kulia mstari wa kwanza, upande wa kushoto wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Basi Mwalimu akaona kila upande ujifunze mistari yake tu, maana kazi ikigawanywa huisha upesi. Agnesi, aliyekuwa mkubwa, alikaa kulia. Mimi kushoto.

Zaburi yetu ilikuwa ile ya mchungaji. Agnesi ndiye aliyeanza, na huyo mchungaji mwenyewe, kisha akawa na njia za haki, na ile meza iliyoandaliwa mbele ya adui. Mimi nilipewa maji matulivu, bonde lenye giza, na nyumba ya kukaa siku zote. Nilimwonea wivu kwa ile meza. Kichwani mwangu ilikuwa na wali na mchuzi.

Nyumbani tulikariri tukitwanga, kila mmoja na mchi wake na mstari wake. Mama hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa. Alikaa pembeni akipepeta, akitucheka.

"Semeni, semeni," alituambia. "Ila maneno hayajazi chungu. Twangeni."

Vita vya Maji Maji vilipokaribia, Wazungu wa misheni waliondoka, na Mwalimu akaondoka nao, kitabu kwapani. Kanisa likachomwa. Mama akafunga mizigo, tukapanda Newala kwa mjomba. Ningependa kuwaambia kwamba niliogopa. Ninachokumbuka ni kisigino changu kilichochubuka, na kwamba nilikitazama sana.

Vita vilipopita, ikaja njaa. Mashamba yalikuwa yamechomwa, na askari wa Wajerumani walipomaliza kupita hapakuwa na mbegu. Tulichimba ming'oko porini, tukala mizizi hiyo hata ilipokuwa michungu. Maji yalikuwa bondeni, tukishuka na mitungi asubuhi na kurudi jua limekuwa kali. Kinu cha mjomba kilikauka kikapasuka. Zaburi tuliisema njiani, Agnesi mbele, mimi nyuma, na sauti yake ikawa inapungua. Niliona, lakini sikuwaza lolote. Njaa ya muda mrefu hailizi mtu, humnyamazisha.

Kisha akashikwa na tumbo la kuhara. Alipokuwa hawezi tena kukaa, aliniita.

"Monika, msinizike kimya. Sema ile yetu."

"Yote?"

"Yote. Mpaka nyumbani."

Nikaitikia ndiyo, kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Alikufa kabla ya adhuhuri. Padri hakuwepo, Mwalimu hakuwepo. Mjomba na jirani mmoja walichimba kaburi wakipumzika kila mara, maana hata wao walikuwa mifupa. Tulipomshusha, mjomba akanitazama.

"Kilio huanza mfiwa," alisema. "Wewe umeachiwa neno na dada yako. Liseme."

Nilisimama upande wa kushoto wa kaburi, nikafungua kinywa, nikasubiri. Naam, nilikuwa nasubiri Agnesi aanze. Mstari wa kwanza nilikuwa nimeusikia kila siku ya Mungu, lakini ulimi wangu haukuwahi kuubeba, na sasa nilipoutafuta sikuupata. Sikulia. Sikuona hata aibu. Mwili wangu wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Mjomba akangoja, kisha akainama kushika jembe.

Ndipo Mama, aliyekuwa ameketi chini upande wa pili, akaanza. Kwa sauti kavu, bila kuinua macho, akamtaja mchungaji. Kiganja chake kilikuwa kinagonga paja polepole, kama mchi. Nikamjibu na maji matulivu. Akasema njia za haki. Nikasema bonde. Kwenye meza alikosea, akarudi nyuma, akaimaliza. Nami nikafika nyumbani. Mjomba akaanza kufukia.

Watu wa Newala walisema mama yetu ameokoka. Hata mimi, nilipobatizwa baadaye, niliamini kwamba siku ile Mungu alimnasa. Lakini kanisani hakukanyaga hata mara moja. Nilipomuuliza alijifunza lini, alinijibu, "Mlikuwa mnapiga kelele na mimi nina masikio."

Nilikuja kuelewa nilipokuwa na wanangu mwenyewe. Mama hakuwa anamwomba Mungu. Aliona mchi mmoja umebaki juu, hauna mwenzake, akashika mwingine. Alikaa upande wa Agnesi ili mimi niweze kukaa upande wangu, na mtoto wake alikuwa bado hajafunikwa udongo.

Miaka ikapita, Mama naye akafa, mzee, bila ubatizo. Siku hiyo kitabu nilikuwa nacho, changu mwenyewe, lakini sikukifungua. Wanangu walikuwa wamejipanga nyuma yangu upande wa kushoto, pale walipozoea kuniona kanisani. Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya wote wawili. Kisha nikazunguka kaburi, nikasimama upande wa kulia, nikaanza mimi.