Ringi Iliyokunywa Mitungi Sita

Maji yakitikisika ndani ya plastiki ngumu hutoa mlio mzito, wa kivivu, na mimi nikiusikia lazima nikae chini. Juzi nilikaa chini dukani. Nilikuwa nimeenda na binti yangu kutafuta ringi ya basketi ya nyumbani, ile inayosimama yenyewe, yenye nguzo na magurudumu, maana mtoto ameniimbia wimbo huo tangu shule zifungwe. Kijana wa duka alikuwa ametia maji kidogo kwenye kitako cha ile ya maonyesho. Akaigonga kwa kiatu, akaniambia, "Hii ni rahisi, mathe. Unajaza maji hapa chini, basi." Maji yakajibu humo ndani. Nikatafuta kiti. Binti yangu alidhani ni bei iliyoniangusha, na ningependa sana iwe bei.

Ngoja niwaeleze, na msinihukumu kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Sarang'ombe, Kibera, chumba kimoja kati ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, na katikati yake ua wa saruji iliyopasukapasuka. Baba alikuwa kibarua wa mjengo, Mama alifulia watu nguo kule mtaa wa Olympic. Kulikuwa na Wafula wetu mdogo ambaye ndiyo kwanza anaanza kuketi, halafu mimi, halafu dada yangu Nekesa, wa darasa la nane, la mwisho la msingi, mrefu mpaka Mama aliacha kabisa habari ya kukunja pindo za sketi zake. Mrefu, mkimya, na miguu ambayo ilikuwa imepigwa na kila stuli ya nyumba yetu.

Shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa imetuma habari kwamba mwalimu wao wa michezo angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye uwanja mmoja karibu na Olympic, kuangalia wasichana wa basketi. Wawili atakaowapenda wangesomeshwa bure hadi kidato cha nne. Hilo neno bure lilikaa nyumbani kwetu wiki nzima. Tulikula nalo, tukalala nalo. Baba hakuwahi kusema kwamba bila hilo Nekesa hatakwenda sekondari, lakini kila mtu alilijua, hata mimi niliyekuwa sijui mengi.

Shida ilikuwa kurusha. Nekesa alikimbia vizuri, aliruka vizuri, ila mpira wake ulikuwa ukienda popote unapotaka. Shuleni ringi ilikuwa moja na wachezaji ni msongamano, ukibahatika unarusha mara tatu kwa wiki. Baba akasema basi tutaweka ringi hapa hapa nyumbani. Siku mwenye ploti alipokuja, Baba akamwomba ruhusa ya kufunga ringi kwenye ukuta wa mwisho.

Mwenye ploti alikuwa nyanya mmoja wa Kawangware tuliyemwita Shosho, na alizipenda kuta zake kuliko wapangaji wake. Alimwambia Baba kwa upole kabisa, "Baba Nekesa, ukuta wangu ukitobolewa, wewe na huo mpira mtalala nje." Wala kuchimba sakafu asisikie. Lakini hakuwa mtu mbaya. Kabla hajaondoka alituelekeza kwa kijana aliyeuza vitu vya michezo vya mitumba karibu na kwake, akasema ana ringi za kusukuma, za watu wasio na ukuta.

Tukaenda Kawangware Jumapili baada ya kanisa, Baba, Nekesa na mimi, na viatu vyetu vya kanisani. Kijana alikuwa na ringi tatu. Moja ilikuwa ya kuchezea watoto wadogo, hata mimi niliidharau. Ya pili ilikuwa na nguzo ya chuma na kitako kipana cha chuma cha kujazwa mchanga. Ya tatu ilikuwa na kitako cha plastiki, ubao wake umepasuka pembeni ukazibwa kwa karatasi ya gundi, na ringi imepinda kidogo tu, kama mtu aliyekunja shingo kusikiliza. Kijana akapiga kofi ile ya chuma. "Mzee, hii ni ya maisha. Ukishajaza mchanga, hata upepo unaiogopa."

Baba hakupima kitu kwa macho. Alikipima kwa kukiinua. Sisi wapangaji hununua vitu tukifikiria siku ya kuhama: kitanda kiwe cha kufunguka, kabati lipite mlangoni, sufuria ziingiane. Akaiinua ile ya chuma akaguna. Akaiinua ya plastiki kwa mkono mmoja, akauliza kama nayo inataka mchanga. Kijana akamwambia maji au mchanga, yote sawa, ila mchanga ni bora. Baba akachungulia tundu la kujazia, dogo la kutosha kidole gumba, akatikisa kichwa. Mchanga ukiingia hapa hautoki, alisema, na siku tukihama nitaubeba mpaka wapi? Maji unamwaga, unaenda zako.

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo roho huniuma, kwa sababu yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili.

Kisha akakumbuka nani mwenye shughuli. Akamgeukia Nekesa akamwambia, "Wewe ndiye mchezaji. Sema ni gani."

Nekesa alikuwa amesimama karibu na ile ya chuma, kiganja kikiwa juu ya nguzo. Alikuwa amekiweka hapo tangu tufike. Akakiondoa. Akaazima mpira, akaurusha mara moja kwenye ile ya plastiki, nayo ikatetemeka yote kuanzia juu hadi chini. "Hii iko poa, Baba. Ile ingine ni nzito bure."

Mabega ya Baba yakashuka, akacheka, akaanza kupigania bei kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Mimi nilimkasirikia Nekesa njia nzima ya kurudi. Nilimwona mjinga. Nilidhani hana macho.

Kuijaza ilikuwa sherehe. Ploti nzima ilitoka kuangalia. Mtungi wa kwanza wa lita ishirini ukaingia ukapotea, wa pili ukapotea, na maji, kama mnavyojua, kwetu hayakutoka ukutani. Yalinunuliwa mtungi kwa mtungi. Mama alisimama mlangoni amemweka Wafula kiunoni, akihesabu. Ulipoingia wa sita akasema, "Hiki kitu kinakunywa kuliko watoto wangu," akaingia ndani. Lakini niliona anatabasamu.

Zile siku za kwanza zilikuwa tamu jamani. Nekesa alirusha asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya giza. Mpira ulitua kwenye karai za watu, ulipita katikati ya shuka zilizoanikwa, na siku moja ulitumbukia kwenye sufuria ya githeri ya Mama Brayo wa chumba cha tano, ambaye aliutoa, akaufuta, akaurudisha, na hakutusemesha kwa siku mbili. Jioni ilibidi ringi isukumwe hadi ukutani ili watu wapite. Ilihitaji Baba na Nekesa pamoja, wakiiinamisha na kuhema, na yale maji yakinguruma humo ndani. Huo ndio mlio ninaousema. Na mpira ulianza kuingia. Kati ya mara kumi uliingia mara moja, halafu mara tatu, halafu nikaacha kushangaa.

Halafu maji yakapotea Kibera.

Waliokaa huko wanajua jinsi yanavyopotea. Hakuna anayetangaza. Asubuhi unakuta foleni ya mitungi imezunguka kona, mchana bei imepanda, jioni muuzaji amefunga. Kazi ya kutafuta maji ilikuwa yangu. Siku ya kwanza nilirudi na mtungi nusu. Siku ya pili nilisimama tangu nitoke shule hadi miguu ikafa ganzi, na nilipobakiza watu wanne maji yakaisha. Niliogopa kurudi mikono mitupu. Vyombo vilikuwa vimerundikana, Mama alikuwa bado kazini, na pale uani kilikuwa kimekaa kile kitako, kimeshiba.

Nilitafuta kipande cha paipu, nikafungua kifuniko, nikavuta kwa mdomo. Maji yalikuja ya vuguvugu, yana ladha ya plastiki. Nilichukua sufuria moja. Moja tu, nikajiambia, kati ya mitungi sita nani atajua? Kesho yake nikachukua moja, halafu mbili. Mama alipoona vyombo safi aliniuliza maji nimeyapata wapi, nikasema kwa watu. Hakuuliza watu gani.

Jioni za wiki hiyo ringi ilianza kusukumika kwa urahisi. Baba akasema magurudumu yamezoea. Sote tukakubali kwamba yamezoea.

Ijumaa, siku moja kabla ya mwalimu kuja, kulikuwa na upepo wa vumbi. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikimlisha Wafula uji. Nekesa aliichukua ringi ukutani peke yake, akaiweka katikati ya ua, akaanza kurusha. Ilikuwa siku yake. Kila mpira uliingia. Halafu akarudi nyuma, akakimbia, akaruka juu kabisa, na vidole vyake vikagusa chuma cha ringi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ringi ikamfuata chini.

Nilisubiri maji yamwagike. Ndiyo, dada yangu yuko chini, nguzo iko juu ya mkono wake, na mimi ninasubiri maji. Hayakumwagika. Kitako kiligeuka juu, kifuniko kikatoka, na saruji ikabaki kavu. Majirani walitoka, Mama alitoka, Baba alikuja mbio kutoka kwenye lango, na kila mmoja aliangalia mkono kwanza, kisha akaangalia ile saruji kavu. Hakuna aliyeuliza. Nilikuwa na kijiko cha uji hewani na nilitaka kusema, na mdomo wangu ulikataa kabisa, ukawa si wangu.

Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo cha kiganja. Zahanati waliufunga plasta. Nekesa alikwenda uwanjani Jumamosi hivyo hivyo, tukaenda naye wote, tukiwa wasafi kwa maji sijui ya nani. Alirusha kwa mkono wa kushoto. Mwalimu yule alikuwa mtu wa heshima, alimwacha arushe mpaka achoke mwenyewe, kisha akamwambia aje mwaka ujao. Msichana wa darasa la nane hana mwaka ujao. Baba alimshukuru yule mwalimu mara tatu, akimshika mkono kwa mikono miwili, na mimi nilitamani amwachilie.

Nyumbani Baba alitoa hukumu. Alisema kitako kilikuwa kinavuja, kwamba kijana wa Kawangware alituuzia kitu kibovu. Mama akasema ni kweli, kinavuja. Nami nikasema hata mimi niliona kinavuja. Niliushikilia uvujaji huo miaka mingi. Mwaka uliofuata Nekesa alianza kazi ya kusuka nywele, na mkono wake haukuwahi tena kukunjika wote.

Baba ametangulia mbele za haki. Baada ya mazishi, tukiosha vyombo, Mama alianza kulia kilio kisichokuwa cha Baba. Akaniambia ni yeye. Alikuwa akichota alfajiri, kikombe baada ya kikombe, kwa ajili ya uji wa Wafula, na Baba alimkuta siku moja, akachukua karai akamshikia. Nikamwambia, Mama, hata mimi. Tukasimama pale na mikono yenye povu, kila mmoja akiwa amebeba peke yake kitu ambacho tulikuwa tumekibeba wote. Mngedhani tulipata nafuu. Hatukupata. Mkono ulikuwa umeshavunjika.

Kwa Nekesa sikuwahi kwenda na maneno hayo, hadi juzi. Nilitoka dukani nikampeleka binti yangu moja kwa moja hadi saluni yake pale Olympic, na huku akimsuka mteja, nikamwambia yote, ya kwangu, ya Mama na ya Baba. Hakuacha kusuka. Alisuka mstari mzima hadi mwisho, akaufunga.

"Nilijua," akasema. "Siku hiyo niliitoa ringi ukutani kwa mkono mmoja."

Nikamwuliza kwa nini basi alicheza. Kwa nini hakuuliza?

"Ningeuliza maji yako wapi, mtu angelazimika kunijibu."

Ndipo nilipokiona tena kile kiganja juu ya nguzo ya chuma, kule Kawangware, kikiondoka. Alikuwa na macho kutuzidi sote. Alikuwa anaona mfuko wa Baba, na foleni ya mitungi, na bakuli la Wafula, na alichagua mara mbili, Kawangware na uani kwetu, kile tulichoweza kumudu, kisha akaruka. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilipofungua mdomo ukanifanyia yale yale ya miaka ile.

Binti yangu, asiyejua kitu, akamwonyesha picha za ringi mbili kwenye simu yangu: moja ya kujaza maji, bei nafuu, na nyingine nzito ya mchanga, ghali kidogo. Akamwuliza shangazi yake wanunue ipi. Shangazi huyo kwa kweli ni mama mkubwa, lakini Nairobi imeshatuvuruga. Nekesa akaiangalia simu, akaufinya ule mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama afanyavyo siku za baridi.

"Chukueni hii ya mchanga," akamwambia. "Mchanga haunyweki."