Nilipaka konokono 40 rangi ya kucha hapa Likombe, wakarudi 39

Wakuu, habari za humu ndani.

Siku zote mimi ni wa kuchungulia nyuzi za watu, nacheka, naondoka. Leo nina la kwangu na nimeshindwa kukaa nalo.

Kila namba mtakayoiona hapa nimeihesabu mara mbili. Nikidanganya, mashahidi wapo: mke wangu, jirani yangu na mama mkwe, na hakuna hata mmoja kati yao anayeniogopa.

Twende.

Nauza spea za bajaji hapa Mtwara mjini, naishi Likombe. Kwetu ni Dodoma. Kwa hiyo muelewe kwamba konokono mimi nilimjulia kwenye picha ya kitabu cha sayansi. Kwetu akija konokono itabidi kwanza apewe maji ya kunywa.

Mke wangu ni mwenyeji wa Mahurunga, kule karibu na mto Ruvuma. Kabla ya mvua kuanza tulienda kumsalimia mama yake. Katika maongezi mama akasema anataka kununua miche ya mipapai.

Sasa mimi mtu akitamka "kununua" mbele yangu, mdomo unafunguka wenyewe.

"Usinunue mama. Nitakuletea mia."

Hiyo ni mbele ya shemeji zangu wawili. Mama akaniangalia taratibu, akauliza:

"Mia ya kuhesabu, mkwe wangu, au mia ya kusema?"

Shemeji wakacheka. Nikasema ya kuhesabu.

Wiki mbili baadaye simu ikaja kwa mke wangu. Mama ameshachimba mashimo. Mashimo mia moja, yako wazi shambani, yanamsubiri mkwe kutoka mjini.

Hapo utani ukaisha.

Nikaotesha miche 150. Mia ya mama, hamsini ya dharura. Viriba, vile vifuko vya kuoteshea, nikavipanga nyuma ya nyumba, mistari kumi na tano, kumi kila mstari, ili hata nikipita haraka niweze kuhesabu. Ikatoka vizuri sana, kila mche una majani manne manne, nikaanza kutembea kwa maringo.

Kisha mvua ikanyesha usiku kucha.

Asubuhi nahesabu: 131. Narudia: 131. Miche kumi na tisa imekatwa shinani kama kwa mkasi.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kuku wa Mama Somoe. Huyu ni jirani yangu, mtu wa Mikindani kwa asili, anauza samaki wa kukausha. Kati ya nyumba yake na yangu kuna kiwanja kitupu chenye majani marefu, mwenyewe hatumjui. Nikamfuata mlangoni.

"Mama Somoe, kuku wako wamekula miche yangu kumi na tisa."

"Ebo! Kuku wangu wanne, Baba Ima. Walialika wageni?"

Akaja mwenyewe kukagua. Hata kwenye viriba hakufika, akasimama ananyoosha kidole ukutani.

"Hebu tazama. Kuku gani anapita anaacha mate?"

Wakuu, ukuta mzima ulikuwa na michirizi inayong'aa. Na huko juu, konokono mkubwa kama ngumi ametulia analamba chokaa niliyopaka Krismasi. Analamba kwa raha kabisa, kama kakodi.

Siku hiyo nilivaa glovu za gereji nikaokota 64. Roho ya kuwaponda sikuwa nayo, nikawabeba kwa ndoo nikawamwaga kwenye kile kiwanja kitupu. Nikanawa mikono, nikajipongeza.

Kesho yake nikaokota 66. Na miche imebaki 117.

Mteja mmoja dukani akaniambia dawa ni chumvi. Mtwara hapa chumvi ya mawe sio kitu cha kutafuta, nikamkaba muuzaji mpaka kwenye kiroba akaniongezea makopo mawili juu. Nikazungushia viriba mstari mzito wa chumvi, mweupe, mzuri, kama uwanja wa mpira siku ya fainali.

Konokono wa kwanza alipogusa akatoa povu akafa pale pale. Aisee, nilipiga kelele mke wangu akatoka jikoni akidhani nyoka.

Furaha yangu ilidumu kama saa nne hivi.

Mvua ikaja. Chumvi ikayeyuka yote, ikatiririka na maji, ikaingia kwenye viriba vya mistari ya chini. Baada ya siku tatu miche 22 ilikuwa imekauka kuanzia nchani. Hiyo konokono hakuigusa. Niliimaliza mwenyewe, kwa mkono wangu, na kwa chumvi ya nyongeza niliyoipigania.

117 toa 22, ni 95.

Mashimo ni mia. Nikatoa tena, ni 95.

Mke wangu akaniangalia, akasema, "Hayo mashimo matano yaliyobaki sijui utaingia mwenyewe."

Sasa wakuu, kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Kila siku naokota sitini na kitu, kesho yake naokota sitini na kitu. Dukani mzigo ukiwa kila siku unatoka na haupungui, ujue kuna mlango wa nyuma.

Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Akalalamika kwamba ile aliiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nikamwambia hii ni ya kiusalama. Nikachagua konokono arobaini, kila mmoja doti moja mgongoni, nikasubiri zikauke, nikawamwaga kule kule kiwanjani.

Kesho yake alfajiri niko nyuma ya nyumba. Wekundu 27 wamerudi! Nilikuwa nasafirisha mizigo kwenda na kurudi bila nauli.

Lakini subirini. Katikati ya wekundu nikaona mwenye doti ya bluu. Nikageuza mwingine: bluu. Wa tatu: bluu.

Wakuu, mimi sina rangi ya bluu.

Nikiwa bado nimeinama, namsikia Mama Somoe anakuja na ndoo.

"Baba Ima! Hawa tisa wenye kucha nyekundu ni wako?"

"Ni wangu. Na hawa wa bluu?"

Akaangalia ndoo yake, akaangalia yangu. Kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Kumbe naye anaokota kila siku, naye anamwaga kiwanjani, na naye kaanza kushuku. Kachukua mabaki ya rangi ya mashua ya kaka yake, kawatia alama.

"Ulipaka wangapi?" nikamuuliza.

"Nitawahesabu wa nini? Mimi niliwapaka kwa hasira tu."

Tukaingia kwenye kile kiwanja wote wawili na panga. Hapo ndipo tulipoona aibu yetu. Kumbe pamoja na konokono, nyumba zote mbili tulikuwa tunatupa humo maganda ya papai, ya ndizi na mabaki ya mboga. Tumewajengea hoteli, tumewapa chakula, na kila asubuhi tunawaletea wageni.

Tukafyeka siku mbili. Chini ya majani na mbao zilizooza tukakuta mayai, rangi kama maziwa yaliyochacha, madogo kama dengu, marundo kwa marundo. Tukayachimbua yote. Jioni tukalaza magunia yaliyolowa na maganda ya papai chini yake, asubuhi tunafunua, wamejaa, tunaokota. Safari hii hakuna kumwaga kwa jirani. Ni ndoo ya maji ya chumvi kali, kisha shimo refu mbali na bustani. Roho ya kuwaponda sikuwa nayo, lakini ya kuwazika ilipatikana.

Siku ya kwanza 212. Ya pili 140. Ya tano 31. Ya tisa wawili. Ya kumi na mbili, sifuri! Nikahesabu tena hiyo sifuri, kwa raha tu.

Na viriba, tangu ile siku nilipobaki na 95, nilishavipandisha juu ya kichanja cha mbao, miguu minne, kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji ya chumvi. Chumvi ilikuwa dawa kweli, nilikosea pa kuiweka. Tangu siku hiyo sijapoteza mche hata mmoja.

Ila ilibaki 95.

Mama Somoe ana mipapai imejiotea yenyewe nyuma ya bafu lake. Nikaenda kistaarabu.

"Nipe miche kumi."

"Nitakupa mitano. Na mimi nataka hiyo chumvi uliyobaki nayo, nina samaki wa kuchumvia."

Tulipatana kama hatujafyeka pamoja siku mbili. Tukaishia miche minane kwa chumvi yote. Jumla 103.

Kitu kimoja tu kilininyima raha. Wale wekundu. 27 wangu, 9 wa Mama Somoe, 3 tuliowakuta tukifyeka. Hiyo ni 39. Nilipaka 40. Mke wangu akasema achana naye, kafa. Mimi mtu asiyeonekana kwenye hesabu siwezi kumwandika marehemu.

Siku ya safari ikafika. Makreti niliyaazima jana yake, yakalala chini uani. Asubuhi nikapanga miche, nikakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, mpaka Mahurunga.

Mama mkwe hakunikaribisha hata maji kwanza. Akaanza kuhesabu. Shemeji wamesimama pembeni na tabasamu lao. Akamaliza: 103. Akarudia tangu mwanzo! Wakuu, nusura nilie. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui hii ya kuhesabu mara mbili nimerithi wapi.

"Mia na tatu," akasema. "Ya kuhesabu."

Shemeji wakaanza kubeba makreti kuyapeleka shambani.

Kisha akainua kreti la mwisho aangalie chini, akabandua kitu, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Na huyu, mkwe wangu? Mjini kwenu wanajipodoa?"

Doti nyekundu. Wa arobaini.

Nilicheka nikakosa pumzi. Tukamzika yeye peke yake, kwa heshima zote, kwenye shimo ambalo halikuwa kwenye mia.

Nilichojifunza: konokono haji, analetwa. Mimi nilimleta kwa maganda, nikamrudisha kwa ndoo, nikampeleka Mahurunga kwa kirikuu. Kabla hujahamisha mche, geuza kiriba, geuza kreti, angalia chini. Kabla hujamwaga tatizo lako kiwanja cha pili, muulize jirani anamwaga wapi. Na usiwashike kwa mikono mitupu, wana uchafu wao.

Mashimo mia yamejaa, na mitatu iliyozidi mama kaipanda karibu na mlango wake.

Sasa nanyi mliopo Mikindani, Kilambo na kwingineko, wenu mmewamaliza vipi? Semeni, ila mje na idadi.